Mti Uliokunywa Maji

Gari la Jilo tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa likisaga nyuma, upande wa kushoto, mlio wa kupanda na kushuka kwa kufuata mwendo, na mjukuu wangu Maro, ambaye ni makanika hapa Garsen, aliinua kichwa kutoka kwenye sahani yake akasema, "Hiyo ni beringi. Huyo akifika na magurudumu manne ashukuru." Alifika nayo manne. Akashuka mtu mrefu mwenye mvi, akaja hadi barazani nilipokuwa nimeketi na mume wangu Komora, akatushika mikono, akatuambia kwamba mama yake amefariki juma lililopita huko malishoni na wamekwisha kumzika. Mama yake nilimjua kwa jina la Hadha Jilo, ambalo kwa Kiorma ni Mama Jilo, na huyu Jilo mwenye mvi mara ya kwanza nilimwona yuko mgongoni kwake, hana hata jino. Tuliomba dua. Kisha nililia, kilio cha mtu mzima, kimya kimya na pua tele, na Komora akanisogezea ncha ya kikoi chake nifutie.

Maro hakukubali Jilo aondoke na gari lile. Aliliinua hapa hapa uani, akalitegemeza kwa kigogo, akatoa gurudumu la nyuma, akaanza kuigonga beringi ya zamani itoke. Nilisogea na kigoda changu nione. Beringi ilipotoka aliiosha kwa mafuta ya taa ndani ya karai, akaizungusha kwa kidole, ikakwaruza, akanionyesha jinsi vyuma vilivyolika. Nikamwuliza mpya ataipaka mafuta gani, na kama anabadilisha upande mmoja tu au pande zote mbili. Alicheka. "Nyanya, habari za beringi umezijulia wapi?" Nikamwambia nimezijua kabla baba yake hajazaliwa, na kwamba yangu ilikuwa ya mti. Alidhani nafanya mzaha. Mume wangu hakucheka. Aligeuza uso akatazama barabara, kama anavyofanya siku zote yakitajwa magurudumu, na mimi peke yangu pale uani ndimi niliyejua kwamba ana haki ya kununa lakini hajui anapaswa kumnunia nani.

Habari za kwetu na kwao nitaziacha, maana si za leo. Inatosha kusema kwamba nilitoka Kipini nikaolewa Chara, kwa Komora mchonga mitumbwi, na mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ile ndio mwaka mto ulipotuhama. Watu wa nchi nyingine wakisikia hivyo hushangaa, lakini mto wetu ndivyo ulivyo: mafuriko yakija makubwa hujikatia njia mpya, na yakishuka, watu wa njia ya zamani hubaki na bonde la tope na vidimbwi. Mwezi wa kwanza tuliokota samaki kwa mikono, tukala samaki asubuhi na jioni hadi nikawa natapika nikisikia harufu yao. Mwezi wa pili tope lilipasuka. Mitumbwi ya Komora, mitatu iliyokwisha na mmoja wa nusu, ilikuwa imelala juu ya ardhi kavu mbele ya nyumba, na kuku walianza kutaga ndani yake. Wazee wakaamua kwamba kijiji kihamie mto ulikokwenda, upande wa juu, karibu na hapa Garsen, ambapo wakati huo palikuwa na vibanda vya kuhesabika. Ni mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye miguu.

Mavyaa wangu, mama yake Komora, miguu hakuwa nayo. Ilikuwa imevimba na kufa ganzi miaka miwili kabla sijafika. Chumba chake kilikuwa cha mbele, na kitanda kilikuwa kimewekwa karibu na mlango ili aone mto. Mto ulipokwisha aliendelea kutazama pale pale. Nilimlisha, nilimwosha, nilimgeuza, na yeye alinisahihisha kwa kila jambo kwa sauti ya upole inayochoma. Wali wangu wa nazi aliuita wali wa wageni. Wanawake wa jirani wakaokota maneno hayo, wakaniita Mjuzi wa Kipini, kwa sababu siku za mwanzo nilifanya kosa la kumwonyesha mmoja wao jinsi ya kukaanga samaki. Tangu siku hiyo nilijifunza kufunga mdomo, na nilijifunza vizuri mno.

Alipoambiwa habari ya kuhama, mavyaa alisema kwenda atakwenda, ila si kwa kubebwa juu ya kitanda. Vijana wanne walijitolea. "Mtu akipandishwa mabegani haulizwi anakwenda wapi," aliwaambia. "Mimi bado naulizwa." Nilikuwa nyuma ya ukuta wa nyasi nikipepeta mahindi, nikawasikia shemeji zangu wakinong'ona nje kwamba mama aachwe na mtu mmoja, apelekewe chakula, na Mungu atajua la kufanya. Nikamsikia Komora: "Huyo mtu mmoja ni mimi." Nilijua maana yake. Vidimbwi vilikuwa vikikauka, maji ya kisima yalianza kuwa ya chumvi, na mtu atakayebaki pale na mgonjwa, na mke wake, hakuna aliyejua ataishi vipi.

Lakini palikuwa na gari. Liliachwa na Mzungu mmoja aliyepita akipima ardhi, ambaye ng'ombe wake walikufa kwa ndorobo. Alimwambia mkuu wa kijiji atakayeweza kulitumia alitumie. Lilikuwa la magurudumu manne, la kukokotwa na maksai. Ya mbele yalikuwa mazima. Ya nyuma yalikuwa yamekufa ndani: pale katikati, ekseli inapopita, gurudumu huwa na bushi, bomba fupi la chuma, na bushi zile mbili moja ilikuwa imepasuka vipande na nyingine imelika hadi mtu aliweza kuingiza kidole pembeni. Komora alilizunguka gari lile siku nzima. Jioni alikuja ndani, akaketi miguuni pa mama yake, akasema, "Mama, chuma sina. Mti ninao." Na mama yake, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu, akasema, "Mkono wako naujua."

Kazi ilifanyika uani kwetu. Waliliinua gari kwa nguzo, na kwa kuwa hawakuwa na kitu kigumu cha kulitegemeza, walichukua kinu changu wakakipindua chini ya ekseli. Siku nne hatukuwa na kinu, tukala mahindi ya kuchemsha mazima mazima, na mavyaa ambaye meno yake yalikuwa matatu nilimtafunia. Komora alichagua mti uleule anaochongea mitumbwi. Akaukata vipande, akavizamisha kwenye kidimbwi kilichobaki, kama anavyofanya siku zote, kwa sababu mti wa mtumbwi ukichongwa mkavu hupasuka. Kila alipopumzika alivifunika kwa majani ya migomba yenye maji. Alichonga huku anaimba. Tangu mto uhame sikuwa nimemsikia akiimba, na nilisimama mlangoni na karai mkononi nikimtazama, nikajua kwamba nimempenda mtu huyu, jambo ambalo hadi siku ile sikuwa na hakika nalo.

Maksai walikuwa wa Bonaya, jirani yetu Mworma, wale wa kubebeshea miti ya nyumba wanapohama malisho. Alikubali kuja nao yeye mwenyewe, na mkewe Hadha Jilo akaja na mtoto mgongoni na nyumba yao imefungwa juu ya maksai wa tatu, maana kwao nyumba ni mali ya mwanamke naye ndiye anayeijua. Walikaa kwetu siku mbili wakisubiri. Hadha Jilo alikuwa rika langu. Tulikuwa jikoni, mahindi motoni, alipotoka akaenda kuiinua bushi iliyokwisha, akaigeuza, akainusa, akaipima uzito, akairudisha chini ya majani yake. Akarudi akachuchumaa karibu nami.

"Mti hii nakunywa maji," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakuna aliyeshindwa kumwelewa. "Hapa maji iko. Huko mbele hakuna, jua tu. Itakauka, itakuwa ndogo, itacheza. Ambia bwana yako."

"Mwambie wewe," nikamjibu. "Wewe ndiwe uliyeiona."

"Mimi mgeni. Nakula chakula yake, halafu nasema mkono yake mbaya? Hapana. Mke ndiye anaambia."

Nilisema nitamwambia. Nilitoka na nia hiyo. Komora alikuwa ameinama juu ya gurudumu, anapitisha chuma cha moto katikati ya bushi ya pili, moshi unamwingia machoni, anaimba. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wameketi kwenye mtumbwi wakimtazama. Nikawaona wakiniona. Nikafikiria vile watakavyosema: Mjuzi wa Kipini sasa anamfundisha mchonga mitumbwi habari za miti. Nikamwuliza kama anataka maji ya kunywa. Akasema ndiyo. Nikamletea maji. Nikajiambia nitamwambia usiku, na usiku nikajiambia asubuhi, na asubuhi nilipoamka bushi zilikuwa zimekwisha kupigwa nyundo ndani ya magurudumu, zimebana barabara, watu wanashangilia, na Komora anazipaka sifa, yale mafuta ya papa ninyi mnayajua, ambayo sisi tulipaka vyombo vya majini. Hadha Jilo aliniangalia. Nikatazama pembeni.

Siku ya kwanza gari lilikwenda vizuri hata mimi nikaanza kuamini kwamba yule mwanamke hajui kitu. Mavyaa alikuwa ameketi juu ya godoro, mgongo umeegemea magunia, kuku wawili mapajani, anasalimia kila mti anaoukumbuka. Gari lilinuka sifa hadi nzi wakatufuata. Alinitania kwamba hata Kipini hakujawahi kunuka hivi. Tulilala uwandani, tukala wali mkavu na maziwa ya Hadha Jilo yenye harufu ya moshi, na mavyaa akaniambia wali ule si mbaya. Nakumbuka maneno yake kama yalivyokuwa: "Leo umepika." Nilifurahi kupita kiasi.

Siku ya pili, jua likiwa kichwani, gurudumu la nyuma la kushoto likaanza kulia. Mwanzo lilikuwa kama mlango, kisha kama mtoto. Komora akamwambia Bonaya asimamishe, akainama kutazama, na mimi nikaona kwa macho yangu mwanya kati ya bushi na mti wa gurudumu, mahali ambapo siku mbili nyuma hata unywele haukupita. Bushi ilikuwa imesinyaa. Ilikuwa ikizunguka yenyewe ndani, imekauka, imepata ufa toka huku hadi huku. Komora akasema twende polepole hadi kwenye kivuli kilichoonekana mbele. Hatukufika. Bushi ilivunjika, gurudumu likalala, ekseli ikapiga chini, na mavyaa akarushwa na godoro lake na kuku wake. Aliangukia nyonga. Nilisikia mfupa. Hakupiga kelele, alisema tu, "Ah," kama mtu aliyekumbuka jambo.

Tulimweka chini ya kivuli cha gari. Komora alipiga magoti mbele yake, akautazama mkono wake wa kulia, kiganja na mgongo wa kiganja, akasema, "Ni mkono huu." Alisema mara mbili. Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu pa kusema. Hadha Jilo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Alinitazama mara moja, uso wake haukuwa na hasira wala huruma, akasubiri. Mimi sikusema. Naye alipoona sisemi, alikwenda kuwakimbiza kuku waliotawanyika, akawarudisha mmoja mmoja. Angeweza kusema neno moja tu na lingemtua mume wangu mzigo, likanitwika mimi. Hakulisema.

Wenzetu waliokuwa wakitembea mbele walirudi na kitanda. Mavyaa, jasho linamtoka kwa maumivu, aliwaambia wakirudishe. "Kitanda nitapanda siku nisiyokuwa na kinywa cha kukataa." Basi ikabidi gari litengenezwe pale pale, na Komora akakaa chini akasema hawezi, hagusi tena. Hadha Jilo akaenda kwa maksai aliyebeba nyumba yake, akachomoa mti mmoja wa zile nguzo za kupinda. Ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka, mkavu, mzito kama chuma. Nyumba bila mti ule ingekaa upande, na sote tulijua. Akautupa mbele ya Komora. "Kata," akamwambia. Kisha akaniomba chungu changu kikubwa, akafungua kibuyu chake cha samli akamimina yote, hata ya kumpaka mtoto, akawasha moto.

Nilijifunza pale. Vipande vilivyochongwa vilitumbukizwa ndani ya samli inayochemka taratibu, na mti ule uliodhaniwa mkavu ulitoa mapovu. "Bado kuna maji," alisema kila nilipomwuliza. Ndivyo wanavyotunza vyombo vyao vya maziwa, kwa moshi na mafuta, ili mti usiwe na nafasi ya kunywa kitu kingine. Mapovu yalipokoma ndipo vilipotolewa. Komora alivichonga kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuvichonga, lakini hakuimba. Hakutengeneza upande ulioanguka peke yake: alilifungua na gurudumu la kulia ambalo lilikuwa bado linakwenda, akaitoa bushi yake, na ndani ilikuwa imekwisha kupata ufa uleule. Ilichukua siku tatu. Siku zote hizo mavyaa alikuwa chini ya kivuli cha gari, nami nikimpepea, na watoto wa wapita njia wakija kuonja harufu ya samli.

Mavyaa alifika mto mpya akiwa juu ya magurudumu, amelala chali, anauliza tumefika wapi. Aliishi hadi mahindi ya kwanza yalipokomaa, hakuketi tena, na siku alipofariki ndipo alipopanda mabegani. Zile bushi za samli zilibeba mahindi na miti ya nyumba kwa miaka mingi, hadi gari lenyewe likaliwa na mchwa. Komora alirudia mitumbwi yake, ila gurudumu hakuligusa tena. Mtu akimsifu kwa mtumbwi mzuri, alijibu, "Ndio mkono uliomwangusha mama." Alilisema bila kujitia huzuni, kama mtu anayetaja jina lake. Nimelisikia neno hilo miaka hamsini na zaidi, nikiwa jikoni, nikiwa kitandani, nikiwa na watoto wake tumboni, na kila mara lilinipata mahali palepale.

Sasa nirudi uani. Maro alikuwa ameinama akitafuta beringi mpya ndani ya sanduku lake. Jilo alimaliza chai yake akasema, "Mama, nilitaka kusahau. Mama yangu alinipa neno lako kabla hajafa. Alisema, mwambie Mama Kipini, sikumwambia mtu." Alinitazama akingoja nimweleze. "Mimi sijui ni neno gani."

"Hakumwambia mtu nini?" Komora aliuliza. Masikio yake ni mabovu kwa kila jambo isipokuwa lile usilotaka asikie.

Nikasema. Nilisema yote kwa sauti, mbele ya mjukuu na mgeni: mahindi motoni, mti uliokunywa maji, maji ya kunywa niliyomletea badala ya maneno. Maro aliacha kutafuta. Komora alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza yule mwanamke alisema nini hasa, neno kwa neno, nikamrudia.

"Alisema kweli," alisema. "Ungeniambia, ningekukasirikia siku tatu. Ya nne ningekata mti mwingine."

"Najua."

"Basi hesabu. Leo ndiyo ya kwanza."

Akainuka, akashika fimbo yake, akaenda hadi kwenye gari. Nilidhani anapita kwenda msikitini. Akajishusha chini taratibu, mkono mmoja kwenye bodi la gari, akaketi mchangani mbele ya ile ekseli iliyo wazi, akamwambia Maro ampe beringi na kopo la grisi. Maro alinitazama, nikamwashiria ampe. Aliipaka kwa kidole, akaisukuma grisi ndani, akaigeuza, akaongeza, mpaka ikatokea upande wa pili. Kisha akasema, "Fungua na ya kulia." Jilo aliondoka jua linapoinama, na gari halikutoa sauti.

Siku tatu hakunisemesha. Alikula nilichopika, akaosha mikono, akatoka. Asubuhi ya nne nilikuwa jikoni naogopa hata kukohoa, nikasikia fimbo yake barazani, nikasikia kigoda kikivutwa.

"Mwanesha," aliniita, "chai iko wapi?"